Gari la Anko

"Hebu pumua," Mwenyekiti alisema.

Dereva alidhani anataniwa. Alikuwa bado ameshika mlango wa gari, watoto wakishuka mmoja mmoja na mabegi makubwa kuliko migongo yao, na mlinzi wa shule alikuwa ameacha shughuli zake getini ili asikose neno. Mwenyekiti wa wazazi, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi, alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana vifua.

"Pumua, Anko. Fungua mdomo, useme haa."

"Mbele ya watoto, bosi wangu?"

"Ijumaa hao hao watoto uliwapandisha ukingo wa barabara. Bado kidogo uwatumbukize mtaroni. Sema haa."

Dereva akasema haa. Mwenyekiti akanusa, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akayafumbua.

"Mnanaa," akasema. "Alfajiri yote hii, pipi za mnanaa. Unafunika nini?"

"Nasikia kichefuchefu, bosi. Pipi inanisaidia."

"Na lile dude la kunukia uliloning'iniza kwenye kioo?"

"Mlisema gari linanuka."

Mlinzi akacheka kwa pua. Mtoto mmoja, aliyekuwa ameshika tama kama ameumwa jino, alikwenda kuegemea ukuta wa shule badala ya kuingia. Hakuna aliyemjali. Mwenyekiti alisema wazazi watakutana Alhamisi jioni, na Anko ajiandae na maelezo ya kueleweka, maana hapa tunazungumzia watoto wa watu, si magunia ya viazi.

Watoto wote walimwita Anko, na wazazi nao wakafuata. Gari lilikuwa lake mwenyewe, la zamani, la petroli, pua fupi, lenye injini chini ya viti vya mbele. Ndilo lililolisha nyumba. Alikuwa akiendesha taratibu kiasi kwamba bodaboda walimwita Bwana Harusi. Leo Bwana Harusi alirudi kwenye usukani, kichwa kikimgonga kama kuna mtu anapigilia msumari kwa ndani, akakaa hapo akiutazama mlango wa shule mpaka mlinzi alipomgongea kioo aondoke.

* * *

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mkewe, anayeitwa Mama Nukta kwa ajili ya binti yao, alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, na duka la dobi husikia kila kitu: mwenye shati lake hujisemea, na wa suruali naye hujisemea. Jioni alipoingia ndani hakuvua hata viatu.

"Umepulizishwa kipimo cha pombe leo?"

"Nimenuswa. Hakuna kipimo."

"Nani kakunusa?"

"Mwenyekiti."

Mama Nukta akalishika shati la mumewe begani, akalivuta, akalinusa kwapani, kifuani, kwenye kola. Alifanya hivyo haraka haraka, bila kumtazama usoni, na alipomaliza wote wawili waliona aibu.

"Hata wewe," dereva akasema.

"Hata mimi. Unalala mezani. Unasahau maji jikoni mpaka sufuria inaungua. Juzi umenifokea kwa sababu ya kijiko. Kijiko, Baba Nukta! Kama si pombe, ni mwanamke. Kama si mwanamke, ni ugonjwa. Niambie nichague kipi nilie nacho."

 Dereva alikuwa ameshika paji la uso kwa viganja viwili. Kwenye kochi, Nukta, binti yao wa darasa la kwanza, aliyepewa jina hilo kwa udogo aliozaliwa nao, alikuwa amelala na sare ya shule, viatu miguuni, mdomo wazi. Mwalimu wake alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba mtoto anasinzia darasani, wazazi wamlaze mapema. Walikuwa wakimlaza na kuku.

Mama Nukta akamvua binti viatu. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na jambo mkononi bila kuligeuza, na usiku huo aligeuka kitandani mpaka shuka likamtoka. Kulipopambazuka alikuwa ameamua: angepanda gari hilo mwenyewe, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, akijifanya ni msaidizi wa watoto. Kama kuna chupa chini ya kiti, ataiona. Kama kuna mwanamke njiani, atamsalimia.

* * *

Alimpigia tajiri wake wa dobi akasema anaumwa tumbo. Akakaa mbele katikati, kati ya mumewe na Nukta, mahali ambapo binti hukaa kila siku kwa sababu hapo chini kuna joto tamu la injini.

"Unanipeleleza," mumewe akasema.

"Nawasaidia watoto kufunga mikanda."

"Gari hili halina mikanda."

"Basi nawasaidia kukaa. Endesha."

Barabara ilikuwa imechimbwa tangu mwezi uliopita ili ipanuliwe, na vumbi lake lilikuwa jekundu, jepesi, linaloingia hadi kwenye meno. Kwa hiyo vioo vilifungwa. Ilikuwa amri ya Mwenyekiti mwenyewe, iliyotolewa kwenye kundi la wazazi la simu baada ya mwanawe kukohoa: vioo juu wakati wote. Gari likajaa; mapacha wa Mama Pacha wakapanda nyuma ya dereva, mmoja akiwa ameshika mfuko mtupu wa plastiki kama mtu aliyezoea safari yake.

"Huo mfuko wa nini, mwanangu?" Mama Nukta akauliza.

"Wa kutapikia, Anti."

"Unaumwa?"

"Ndani ya gari tu."

Alimwangalia mumewe kwa pembe ya jicho. Alikuwa akiendesha vizuri, mikono yote miwili kwenye usukani, akimeza mate na kutafuna pipi yake. Hakukuwa na chupa. Hakukuwa na mwanamke njiani, isipokuwa kina mama waliokuwa wakisukuma watoto ndani na kufunga mlango kwa kishindo bila kusalimia. Foleni ya kwenye machimbo ikawashika. Gari likanguruma mahali pamoja, na lile dude la kunukia likayumba kwenye kioo likitoa harufu ya machungwa yaliyooza.

Ndipo Mama Nukta alipoanza kuona watu wa barabarani wanakuwa mbali. Kichwa kilianza nyuma ya masikio, kikapanda polepole hadi juu ya macho. Akadhani ni usingizi aliokosa. Akadhani ni hasira. Alipojaribu kuuliza kitu alisahau anauliza nini, na pembeni yake Nukta alikuwa ameshalala, shavu kwenye mkono wake, likiwa jekundu kama limefinywa.

Walipofika shuleni alishuka, akashika nguzo ya geti, akatapika hadi nyongo.

"Hongera, mama!" mlinzi akamwambia kwa furaha. "Safari hii aje wa kiume."

Alijifuta kwa upindo wa kanga. Watoto walikuwa wakimpita, wengine wakicheka, pacha mmoja akimnyooshea ule mfuko wake kwa huruma. Dakika chache za hewa ya nje, na kichwa kikaanza kulegea. Akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama karibu bila kujua amguse au la.

"Jumapili unaumwa kichwa?" akamuuliza.

"Jumapili?"

"Nijibu. Jumapili, siku gari limelala."

Dereva akafikiri. Ilikuwa kama anatafuta kitu kwenye chumba chenye giza. "Hapana," akasema. "Jumapili mchana ndipo huwa najisikia mtu."

"Na Nukta Jumapili hunipandia kichwani kwa kelele. Zima gari hilo. Hulirudishi nyumbani ukiwa umefunga kioo hata kimoja."

* * *

"Tumpigie Spana aje aangalie," dereva alisema walipofika nyumbani.

Spana alikuwa kaka mkubwa wa Mama Nukta, fundi, na ndiye aliyeshika gari hilo tangu linunuliwe. Ndiye pia aliyemsomesha dada yake baada ya baba yao kufariki, jambo ambalo hakuwahi kulitaja, na kwa kuwa hakulitaja hakuna aliyelisahau.

"Spana ndiye aliyeligusa mwisho," Mama Nukta akasema. "Siwezi kumuuliza mpishi kama chakula kina chumvi."

"Atakasirika."

"Atakasirika akiwa nje, mimi nikiwa ndani nina mume na mtoto wazima."

Wakaenda kwa Bi Kabureta. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, aliyevaa ovaroli juu na kilemba cha kitenge kichwani, na aliyeongea na magari zaidi ya wateja. Alisikiliza maelezo yao huku akilizunguka gari, akipiga matairi teke dogo dogo.

"Lilikuwa na ugonjwa gani kabla?"

"Lilikuwa linazimika," dereva akasema. "Nikisimama kwenye makutano linatetemeka, linazimika. Shemeji akalitibu. Sasa halizimiki tena, ila likipanda mlima linagonga gonga."

"Akalitibu vipi?"

Dereva akasita. "Aliziba njia ya moshi. Ile vali. Alisema wote wanaziba."

"Wanaziba, kweli. Na mimi nimeshafungua nyingi walizoziba. Washa."

Akaliacha liungurume mpaka likapata moto. Kisha akafungua vishikizo vya kiti cha mbele, akakiinua, na joto likawapiga usoni pamoja na harufu kali inayowasha macho. Mama Nukta akarudi nyuma. Bi Kabureta akamulika kwa tochi, akachomoa mpira mwembamba uliokuwa juu ya kidude cha mviringo kama uyoga wa chuma, akachomeka mpira wake mwenyewe na kuushika ncha kwa meno.

"Hii ndiyo vali yenyewe, EGR," akasema mpira ukiwa pembeni mwa mdomo. "Injini ikitoa moshi, sehemu ndogo inarudishwa ndani kupitia bomba hili, ili moto wa ndani usizidi ukali na uchafu unaotoka upungue. Vali ni bawabu, anafungua na kufunga. Masizi yakijaa, bawabu anasinzia na mlango wazi, moshi unaingia wakati usiotakiwa, gari linazimika. Sasa nikivuta pumzi hapa, namlazimisha bawabu afungue. Gari zima litatetemeka, karibu lizimike. Sikilizeni."

Akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Gari likaendelea kunguruma vile vile, tulivu, kama halikuambiwa kitu.

"Umesikia?"

"Sijasikia mabadiliko," dereva akasema.

"Ndiyo jibu. Badala ya kumwamsha bawabu na kumsafisha, mtu amejenga ukuta mlangoni." Akainama zaidi. "Lakini ukuta peke yake haumtapishi mtu. Nipe karatasi. Laini, ya kufungia."

Dereva akampa kipande cha karatasi ya maandazi kilichokuwa mlangoni mwa gari. Bi Kabureta akakishika kwa koleo refu, akakisogeza pale bomba linapoungana na injini. Karatasi ikaanza kupepea, pu, pu, pu, kama kifua cha ndege, na alipoitoa ilikuwa nyeusi upande mmoja.

 Bi Kabureta akazima injini mwenyewe, akaacha ipoe, akarudi na brashi na kitambaa. Chini ya masizi yaliyotapakaa kama mkia wa jogoo, walikiona kibati kilichokatwa kwenye kopo la mafuta, kimebanwa kwa bolti moja. Bolti ya pili ilikuwa imekatikia ndani. Kati ya kibati na chuma hapakuwa na gasketi ya kuziba mwanya, ila mabaki ya kitu kilichoungua.

"Aliivunja akifungua," Bi Kabureta akasema. "Hilo humpata kila fundi. Kuiacha ndilo tatizo. Moshi umekuwa ukitokea hapa, unapanda juu, na mpira wa kuzunguka mfuniko huu wa chini ya kiti umeisha, tazama, naweza kupitisha kidole. Vioo mmefunga?"

"Vumbi," dereva akasema.

"Moshi wa petroli una hewa isiyoonekana, inayolaza watu. Wengine hawaamki. Nani hukaa kiti hiki?"

 Mama Nukta ndiye aliyejibu. "Binti yetu."

Bi Kabureta akaweka tochi chini. Akawatazama kwa mara ya kwanza, mmoja baada ya mwingine. "Mpelekeni akapimwe," akasema. "Leo, si kesho. Na wale wengine pia, wazazi wao waambiwe. Gari halitoki hapa."

* * *

Spana alikuja jioni ya siku iliyofuata, gari likiwa bado gereji na wazazi wakiwa wameambiwa tu kwamba limeharibika. Alikuwa ameshaambiwa, mafundi nao wana dobi wao. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mtu mrefu mwenye mikono isiyotakata, akazungumza na dada yake kana kwamba shemeji yake hayupo.

"Umenipeleka kwa Bi Kabureta anivue nguo."

"Kaka, Nukta alikuwa analala shuleni."

"Anaendeleaje?"

"Daktari kasema yuko sawa, hewa safi tu. Tulimfikisha mapema."

Spana akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo alipokaa. Akajikuna mkono. "Bolti ilikatika saa ya mwisho," akasema. "Shemeji alikuwa amesimama pale ananihimiza, watoto wanatoka shule. Nikasema nitaitoa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na gari la mtu mwingine. Nikasahau, wallahi. Nilisahau kabisa."

"Nilikuhimiza, ni kweli," dereva akasema. "Na kuziba nilikubali mimi."

"Kesho mtasema nini kule mkutanoni?" Spana akauliza.

 Nukta alikuwa akiimba chumbani, wimbo wa shule, akirudia mstari mmoja kwa sauti kubwa. Spana aliinamia sakafu.

"Wakijua ni gereji yangu nimekwisha. Hawatasema bolti. Watasema Spana anaua watoto. Wale kule wanadhani ni pombe. Pombe mtu anasamehewa, anaapa, anaacha. Moshi nani atausamehe?" Akamgeukia dada yake. "Dada, sijawahi kukuomba kitu."

Mama Nukta aliinuka akaenda jikoni. Dereva alimsikia akifungua bomba la maji, akalifunga, akalifungua tena. Alirudi akiwa hana kitu mikononi. Macho yake yalikuwa kwa mumewe, na yalikuwa yakiuliza jambo ambalo mdomo ulikataa kulisema.

"Nitasema ni pombe," dereva akasema.

Hakuna aliyemshukuru. Spana alimshika bega alipokuwa akitoka, akaliminya mara moja, kwa nguvu, akaenda zake. Mama Nukta hakumwangalia mumewe tena jioni hiyo. Alipiga pasi nguo zote za ndani ya nyumba, hata taulo, na alipomaliza akazipiga tena.

* * *

Mkutano ulifanyika sebuleni kwa Mwenyekiti. Wazazi walijaa kwenye makochi na viti vya plastiki. Dereva na mkewe waliwekewa benchi karibu na mlango, mahali pa watu wanaosubiri kuitwa. Waliletewa maji wote isipokuwa wao, si kwa ubaya, ila msichana aliyeyaleta hakujua kama wanahesabiwa.

Mwenyekiti alianza kwa sauti ya upole iliyowashangaza. Alisema wazazi wameshauriana. Anko ni mtu wa siku nyingi, hajawahi kuchelewa, watoto wanampenda. Mtu anaweza kuteleza. Kama atakiri, akaomba radhi mbele yao, akubali kusimamiwa na msaidizi, watampa nafasi nyingine. "Sisi si mahakama," akasema. "Tunataka neno moja la ukweli."

Dereva akasimama. Alikuwa ameazima koti, na mikono yake ilimezwa na mikono ya koti.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nakunywa. Naomba mnisamehe. Sitarudia."

Chumba kizima kikapumua. Mtu mmoja akasema, "Afadhali." Mwingine akasema uungwana ni kukiri namna hiyo, wanaume wangapi wangeweza. Mwenyekiti akatabasamu, akampa dereva mkono, na msichana akaonyeshwa kwa kidevu aletee maji lile benchi la mlangoni.

Mama Pacha ndiye peke yake aliyekuwa amekunja uso. Alikuwa muuza vitambaa, mwenye sauti nzito na haya kidogo sana.

"Mimi sijaelewa kitu kimoja," akasema. "Wewe ulikunywa. Wanangu wametapikaje?"

"Harufu tu, mama," Mwenyekiti akasema. "Watoto hawapendi harufu."

"Mmoja kichwa kinamuuma hadi leo, na analia mwanga ukimpiga. Nimempeleka kwa daktari wa macho. Nimempeleka wa meno. Jana wamenipa dawa ya malaria ingawa kipimo hakikuonyesha kitu, wanasema tujaribu tu. Dozi anaitapika. Namshikilia pua nimnyweshe. Kesho nampeleka wapi, niambieni?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeomba kuelekezwa njia. Wazazi wakaanza kumtajia madaktari. Huyu ni mzuri, yule ghali lakini anajua. Dereva alikuwa bado amesimama. Glasi ya maji ilikuwa imefika mkononi mwake na ilikuwa imeinama, na Mama Nukta, akiwa amekaa, aliona maji yakimwagikia kiatu.

"Usimpe hiyo dawa," dereva akasema.

Hawakumsikia. Akasema tena, kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Mama Pacha, usimnyweshe hiyo dawa! Nimewadanganya. Sinywi. Sijawahi kunywa hata siku moja. Ni gari."

Akawaeleza. Hakuyapanga vizuri, alianza na bolti, akarudi kwenye vali, akaruka kwenye vioo, akasema karatasi ilivyopepea, akasema binti yake alivyokuwa akilala. Aliposema moshi ulikuwa ukiingia ndani, mwanamke mmoja alishika mdomo. Aliposema alikubali njia ile izibwe kwa sababu gari lilikuwa linazimika na hakutaka kuwachelewesha, baba mmoja aliinuka akamjia, wenzake wakamshika kiuno.

"Ungetuua watoto wote!"

"Ndiyo," dereva akasema.

"Na hapa umetuletea uongo ili tuwarudishe ndani ya hilo jeneza!"

"Gari nisingeliwasha kabla halijatengenezwa. Lakini uongo, ndiyo."

"Fundi ni nani?" Mwenyekiti akauliza. Tai yake ilikuwa imelegea. "Tutajie fundi."

"Aliyesema zibeni ni mimi. Niandameni mimi."

"Fundi ni nani, Anko?"

Dereva akakaza taya. Pale benchini Mama Nukta akasimama, akashika mkono ule mrefu wa koti la kuazima.

"Ni Spana," akasema. "Kaka yangu, tumbo moja. Magari mengine matatu ya shule yanatengenezwa kwake, na sijui humo amesahau nini. Kesho naenda naye kuyaangalia, hata kama nitamburuza." Akauachia mkono wa koti. "Jana nilinyamaza ili nimwokoe. Nilikaa na Mama Pacha akilini usiku mzima, na bado nikanyamaza. Hilo nilaumuni mimi, si mume wangu."

 Watu walikuwa wameshashika simu, wengine wakipiga nyumbani kuuliza mtoto anajisikiaje, wengine wakitafuta funguo. Mwenyekiti alikuwa amekaa. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Vioo nilisema mimi vifungwe." Mama Pacha alipita mlangoni mbio bila kuwatazama wale wawili, kanga ikimdondoka begani.

* * *

Watoto walipimwa. Hakuna aliyekuwa na madhara ya kudumu. Pacha yule alichukua siku kadhaa, kisha kichwa kikaacha. Lakini wazazi walishatafuta usafiri mwingine, wengine kwa bajaji, wengine kwa miguu, na kwenye kundi la simu jina la Anko liliondolewa bila neno la kwaheri.

Spana hakuburuzwa. Alikwenda mwenyewe kwa yale magari matatu, akiwa na dada yake nyuma, na katika moja walikuta bomba limelegea. Jumamosi akafika kwenye gereji ya Bi Kabureta, akasimama nje ya ukuta kwa muda kama mteja asiye na uhakika.

"Unataka nini?" Bi Kabureta akamuuliza.

"Ile bolti. Niitoe mimi."

Mafundi wengine wakaacha kazi kusikiliza. Bi Kabureta akamtazama, akamtupia drili. "Ukivunja na drili utanunua," akasema, akaenda kunywa chai. Spana alilala juu ya injini kutwa nzima. Aliitoboa bolti polepole, akaizungusha, akaitoa. Akaing'oa vali, akaichokonoa masizi mpaka bawabu akaanza kufungua na kufunga, akasafisha bomba, akaweka gasketi mpya, akabadilisha mpira wa mfuniko. Bi Kabureta akarudi, akachomeka mpira wake, akavuta pumzi. Gari likatetemeka, likakohoa, likakaribia kuzimika. Akasogeza karatasi, ikatulia, nyeupe.

Spana na shemeji yake walikuwa wamesimama pamoja, wakiiangalia ile karatasi. Hawakupeana mkono. "Jumapili nije?" Spana akauliza, akitazama pembeni.

"Muulize dada yako," dereva akasema. Dada yake alisema bado.

Jumatatu dereva aliwasha gari alfajiri. Mkewe alimuuliza anaenda wapi wakati hakuna aliyemwita, naye akasema hajui, mikono inawasha. Nukta akapanda kwa sababu alikuwa na shule. Mama Nukta naye akapanda, bila kusema anapeleleza nini. Wakapita njia ile ile. Kituo cha kwanza, geti limefungwa. Mtoto aliwachungulia dirishani, pazia likavutwa. Cha pili, baba aliyekuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu alipandisha mkono kuwapungia waendelee, waende. Kwenye nyumba ya Mwenyekiti gari dogo lilikuwa likitoka, watu wamebanana ndani kama dagaa. Dereva alipunguza mwendo kila mahali, hakupiga honi popote.

Kwa Mama Pacha mlango ulifunguka. Mapacha walikuwa kizingitini na mabegi mgongoni, mama yao amewazuia kwa mkono mmoja. Akaja barabarani peke yake. Hakusalimia. Alifungua mlango wa mbele, akawaambia Mama Nukta na binti yake washuke, wakashuka.

"Na wewe shuka," akamwambia dereva. "Liache liungurume."

Dereva akashuka. Mama Pacha akapanda, akakaa kiti cha katikati, juu kabisa ya injini. Akapandisha vioo, kimoja baada ya kingine, akafunga mlango.

Walimtazama kupitia kioo wakiwa wamesimama vumbini. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anatazama mbele, kifua kikipanda na kushuka. Vibarua wa barabara waliacha sururu zao kidogo, wakaendelea. Pacha mmoja alianza kulia kizingitini, mwenzake akamwambia anyamaze, mama anahesabu. Jua lilichomoza likampiga usoni, naye hakugeuza uso. Dereva alitamani kumgongea, amwambie inatosha, lakini Mama Nukta alikuwa amemshika kiganja.

Muda ukapita, mwingi kiasi kwamba Nukta aliuliza kama yule mama amelala.

Kisha kioo kikashuka. Mama Pacha akatoa kichwa nje, macho makavu, akawaita wanawe kwa ile sauti yake nzito.

"Njooni," akasema. "Nami nakwenda na nyinyi mpaka getini."